Waliogawana Masomo

Kila siku, kabla jua halijagusa mabati ya nyumba, king'ora cha kiwanda cha mbao kililia mara mbili. Mlio wa kwanza uliwaamsha watu na wa pili uliwatoa majumbani. Chiriku hakuhitaji hata ule wa kwanza. Ulipolia, yeye alikuwa ameshafagia uwanja na kubandika maji ya chai, na mdomo wake ulikuwa umeshaanza kazi yake, maana msichana huyo wa miaka kumi na miwili hakuitwa Chiriku bure. Bibi yake ndiye aliyempa jina hilo. Alisema mtoto aliyeanza kusema kabla ya kutambaa hafai kuitwa vinginevyo.

"Baba, chai tayari. Baba, shati lako nimelitia kiraka begani, limekaa vizuri. Baba, leo mtabeba magogo ya wapi?"

"Ya pale pale tulipoyaacha jana," baba yake alijibu huku akijinyoosha mgongo kwa shida. "Magogo hayaendi matembezi, mwanangu."

Baba alikuwa mchukuzi pale kiwandani. Gogo moja lilibebwa na watu wanne, wawili mbele na wawili nyuma, kwa miti iliyopitishwa kwenye kamba. Wenzake watatu walikuwa Baba Mdogo, yaani mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa bingwa wa utani. Tembo, jirani mwenye shingo nene na moyo laini. Na Kimya, ambaye kwa siku nzima aliweza kusema "haya" na "bado" akamaliza. Wanne hao walikuwa na desturi yao. Mmoja akiugua, watatu walibeba gogo lake pia, na jioni ujira wake ulimfikia nyumbani ukiwa mzima. Hakuna aliyemwambia msimamizi. Kwa miaka mingi desturi hiyo iliwalinda, na watu wa mtaani waliisifu, na ilistahili sifa.

Mji wenyewe ulikuwa maskini, na umaskini wake ulikuwa wa ajabu kidogo. Milima yote iliyouzunguka ilijaa miti mizuri. Miti hiyo ilikatwa, ikapasuliwa, ikapakiwa kwenye malori, ikaenda zake mji mkubwa, safari ya siku nzima kwa barabara. Katika darasa la Chiriku, wanafunzi wa safu za nyuma walikaa sakafuni kwa sababu madawati hayakutosha. Unga wa mbao uliingia mpaka kwenye vikombe vya chai, lakini mbao zenyewe watu waliziona zikipita tu.

Wale walioendesha misumeno mikubwa walitoka huko huko mji mkubwa. Walikuwa wamepitia vyuo vya ufundi. Waliishi karibu na lango la kiwanda, kwenye nyumba za matofali zenye madirisha ya vioo, na watoto wao walikuja shuleni na viatu hata siku za mvua.

"Baba, kwa nini wao wanalipwa zaidi?" Chiriku aliwahi kuuliza. "Mbona hawabebi kitu?"

"Wanabeba, ila wanabebea ndani ya kichwa," baba alisema, na ingawa alicheka, kicheko hakikufika machoni.

Shuleni Chiriku naye alikuwa na kikosi chake cha watu wanne. Yeye na rafiki zake watatu waligawana kazi za nyumbani. Mmoja alifanya hesabu, mwingine sayansi, wa tatu maarifa ya jamii, na Chiriku alifanya lugha. Asubuhi, kabla ya kengele, walikutana nyuma ya choo cha walimu wakanakiliana. Madaftari yao yalijaa alama za vema. Chiriku hakuona ubaya wowote. Alikuwa amekulia katika nyumba ambamo kusaidiana kulikuwa kama kupumua.

Basi mwaka huo kiwanda kikaleta misumeno mipya, na meneja akatangaza jambo ambalo halikuwahi kusikika. Safari hii, alisema, hata wenyeji wangeweza kufundishwa kuiendesha. Mkufunzi angekuja kutoka mji mkubwa na kufundisha kwa wiki nne. Atakayefaulu angevaa ovaroli ya bluu na kulipwa mshahara wa mwendesha mashine. Lakini kwa wiki hizo nne za kujifunza, mtu asingelipwa chochote.

Jioni ile wachukuzi wanne walikaa kwenye uwanja wa kina Chiriku, na furaha yao ilikuwa imechanganyika na uchungu.

"Wiki nne bila ujira!" Tembo alisema. "Mimi nikikosa siku tatu tu, mke wangu anaanza kuniangalia kama mgeni aliyekawia kuondoka."

"Wale wa mji mkubwa walisomeshwa na wazazi wao," alisema baba. "Sisi tunaambiwa tujisomeshe kwa njaa."

"Kwani lazima wote msome yote?" Chiriku alidakia. Alikuwa anachambua mboga na hakuna aliyekuwa amemwuliza. "Sisi shuleni tunagawana. Kila mtu anasoma lake, halafu tunapeana. Hakuna anayechoka, na wote tunapata vema."

Watu wazima walitazamana. Kisha baba akajipiga paja kwa furaha.

"Mnasikia? Mtoto ametufumbua macho! Masomo ni ya wiki nne na sisi tuko wanne. Asubuhi tunaitikia majina wote, halafu watatu wanatorokea nyuma ya rundo la mbao kwenda kupakia malori ya sokoni. Anabaki mmoja. Jioni anatufundisha wengine. Kidole kimoja hakivunji chawa!"

"Haya," akasema Kimya, na kwa Kimya hiyo ilikuwa hotuba.

"Chiriku, wewe ukikua utakuwa waziri," Baba Mdogo akamtania. "Waziri wa kukwepa kazi."

Wote wakacheka, na Chiriku akacheka kuliko wote. Siku ile alijiona mtu.

Mkufunzi akaja. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani minene na sauti iliyoshinda mashine, na haukupita muda wachukuzi wakambatiza jina la Mama Msumeno. Alipewa wanafunzi arobaini na mashine moja. Watu walimzunguka wakasongamana hivi kwamba waliosimama nyuma waliona migongo tu, kwa hiyo watatu wakipungua hakuna aliyegundua. Wiki ya kwanza ilikuwa ya kuwasha mashine na kulisha magogo, na aliyebaki alikuwa Baba Mdogo. Wiki ya pili, ya kukaza na kunoa meno, alibaki Tembo. Wiki ya tatu ilihusu kusimamisha mashine na kuondoa mbao zilizokwama, na hiyo ilikuwa zamu ya baba. Ya nne, ya usafi na matengenezo, akabaki Kimya.

Jioni za kufundishana, basi, ndizo zilizokosekana. Mtu akipakia malori tangu asubuhi, jioni hafundishiki wala hafundishi. Siku moja baba alijaribu. Alichora duara kwenye mchanga, akaanza kueleza kuhusu gurudumu la msumeno, na alipoinua macho Tembo alikuwa anakoroma na Baba Mdogo anasinzia na kikombe mkononi.

"Tutamalizia kesho," baba akasema. Na kesho yake ikawa vivyo hivyo.

Mtihani ulipofika, Mama Msumeno aliwauliza maswali kwa vikundi. Alikuwa na watu wengi na muda mchache, na tiketi yake ya kurudi ilikuwa imeshakatwa. Kila swali lililoulizwa, mmoja kati ya wanne alilijua. Kikundi chao kilikuwa cha kwanza. Walirudi nyumbani na ovaroli za bluu zilizonyooshwa, na mama yake Chiriku akaishika ile ya mumewe kwa ncha za vidole, akiogopa kuichafua. Alianza kusema habari za kumpeleka Chiriku sekondari. Mke wa Baba Mdogo, ambaye alikuwa na mimba ya kwanza, alicheka na kulia kwa pamoja.

Kilichofuata hakuna aliyekuwa amekifikiria, ingawa mtu mmoja makini angekiona mapema. Meneja hakuwaweka wanne hao kwenye mashine moja. Kila mtu alipewa mashine yake.

Siku ya nne ya kazi, saa za mchana, king'ora kililia wakati ambao hakikupaswa kulia. Chiriku alikuwa darasani. Mwalimu alinyamaza katikati ya sentensi, na chaki ikabaki hewani. Kila mtoto pale alikuwa na baba au mjomba au kaka kule kiwandani, na kila mmoja alikaa akimwomba Mungu kwamba aliyeumia awe wa mwingine. Hayo ni maombi mabaya, lakini ndiyo watu huomba.

Alikuwa Baba Mdogo. Kipande cha mbao kilikuwa kimekwama kwenye msumeno wake. Alibonyeza kitufe cha kuzima, akaona taa imezimika, akanyoosha mkono kukitoa. Hakujua kwamba msumeno mkubwa ukizimwa huendelea kuzunguka peke yake kwa muda mrefu, na kwamba ukienda kasi meno yake hayaonekani, hata mtu hudhani umetulia. Hakujua kwamba kuna fimbo yenye ndoano iliyotundikwa ukutani kwa kazi hiyo. Hayo yote yalifundishwa wiki ya tatu. Mkono wake wa kulia ulipoteza vidole vitatu.

Baba alifika hospitali akiwa bado na ovaroli yake. Alimkuta mdogo wake amelala, uso umekuwa kijivu, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Alisimama miguuni pa kitanda, akashindwa kusogea.

"Nilizima, kaka," Baba Mdogo alisema kwa sauti ya chini. "Naapa nilizima."

"Najua, mdogo wangu. Najua ulizima."

Kuzima si kusimama. Baba alifundishwa maneno hayo hayo na Mama Msumeno, akayarudia na wengine kwa sauti kubwa, na hakumfikishia mtu aliyempenda kuliko wote. Alitoka nje ya wodi akakaa kwenye ngazi, akajifunika uso. Chiriku, aliyekuwa amekuja na mama yake, alimwona baba yake akilia kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliogopa kuliko alivyoogopa king'ora.

Kiwandani maneno yalianza kuzagaa siku ile ile. Meneja alisema amejuta kuwasikiliza watu waliomshauri afundishe wenyeji. "Watu wa huku ni wa kubeba," alisema mbele ya wote. "Kufundishika hawafundishiki. Nitaleta waendeshaji wote kutoka mji mkubwa." Siku mbili baadaye akamgeukia Mama Msumeno, aliyekuwa ameitwa arudi, akamwambia kwamba bila shaka hakufundisha habari za kukwama, na kwamba hapati kazi nyingine kiwandani pake wala kwa rafiki zake.

Wachukuzi watatu walisikia yote hayo wakainamisha vichwa. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na wao hawakusema. Wakisema ukweli, waliogopa, watavuliwa ovaroli, na pengine hata kubeba magogo wasiruhusiwe tena. Na nyumba ya Baba Mdogo ingelishwa na nani?

Kabla ya kuondoka, Mama Msumeno alikwenda kumjulia hali majeruhi, ambaye sasa alikuwa ameletwa nyumbani kwa kina Chiriku. Aliketi kwenye kigoda, akavua miwani, akaifuta.

"Pole sana, baba. Naomba unisaidie jambo moja tu, lisije likaniua kwa mawazo. Wiki ya tatu nilionyesha kwa mkono wangu. Nilirudia mara nyingi. Hukunielewa, au sikusema vizuri?"

Baba Mdogo alitazama ukutani. Baba alitazama sakafu. Mlangoni Chiriku alikuwa amesimama na sinia la chai.

"Labda nilisahau," Baba Mdogo alijibu hatimaye.

Mama Msumeno aliitikia kwa kichwa, akanywa chai kidogo kwa heshima, akaaga. Alitembea kwa mwendo wa mtu aliyezeeka ghafla.

Kesho yake mwalimu wa hesabu alimwita Chiriku ubaoni afanye hesabu ya sehemu, nusu jumlisha theluthi. Katika daftari lake hesabu kama hizo zilikuwa na vema tupu. Chiriku alishika chaki. Aliandika nusu, akaandika theluthi, akasimama. Hakuna kilichokuja. Nyuma yake darasa lilingoja, kisha mtu akacheka.

"Daftari lako linajua na wewe hujui," mwalimu alisema. "Sasa nani mwanafunzi wangu, wewe au daftari?"

Siku nyingine angejitetea kwa maneno mia. Siku ile aliweka chaki chini akarudi mahali pake, na machoni mwake hakuona ubao wala sehemu. Aliona mkono wa Baba Mdogo. Yeye ndiye aliyesema, "Kwani lazima wote msome yote?" Maneno yale yalikuwa ya kwake, na hakuna wa kuyarudisha mdomoni.

Mchana alimkuta baba yake ameketi nyuma ya nyumba. Kiwanda kilikuwa kimesimamisha mashine zote mpya.

"Baba, mimi ndiye niliyeleta mawazo yale. Twende tukamwambie Mama Msumeno."

"Nyamaza!" Baba alisema kwa ukali ambao hakuwahi kumwonyesha. Kisha sauti ikashuka. "Mwanangu, wewe ni mtoto. Ukisema, njaa itaingia hapa na nyumba tatu nyingine. Nyamaza tu, nakuomba."

Chiriku alinyamaza. Lakini miguu haikunyamaza. Ilimtoa uwanjani, ikamshusha barabarani, ikampeleka mpaka nyumba ya wageni karibu na kituo cha mabasi, ambako Mama Msumeno alikuwa akifunga begi lake. Alitaka kurudi. Akabisha hodi.

"Shikamoo, Mkufunzi. Baba Mdogo hakusahau. Hakuwepo."

Akasema yote: kugawana wiki, rundo la mbao, malori ya sokoni, jioni za kukoroma, na yeye mwenyewe na rafiki zake nyuma ya choo cha walimu. Alisema haraka, akilia, akijifuta kamasi kwa mkono wa sare. Mama Msumeno alikaa juu ya begi lake kama mtu aliyekatwa miguu.

"Kwa nini walikwenda kupakia malori?" aliuliza.

"Ili tule."

Nje basi lilipiga honi.

"Watu arobaini kwa mashine moja," akasema, ni kama alijisemea mwenyewe. "Bila mlo wala posho. Na mimi nikawapima kwa vikundi, kwa sababu nilitaka kuwahi nyumbani kwangu. Laiti ningemwuliza kila mtu peke yake! Mtoto, usijibebeshe gogo hili lote. Lina wabebaji wengi, na mimi nimo. Lakini sehemu yako ni yako, siwezi kukupunguzia."

Alisimama, akamshika mkono, wakarudi pamoja. Baba alipowaona wakiingia uwanjani alielewa mara moja. Chiriku alijificha nyuma ya gauni la Mama Msumeno, akingoja kuchapwa.

"Sikuja kukushitaki," Mama Msumeno alimwambia baba. "Nikienda mimi kwa meneja, itakuwa mkufunzi anajitetea. Ukienda wewe, utakuwa ukweli. Kwa sasa yule bwana anaamini watu wa huku hawafundishiki, na akiamini hivyo, hata huyu binti yako na watoto wa safu za nyuma watabeba magogo mpaka wafe. Miti imeota kwenu, baba. Maarifa ya kuipasua yameota kwingine. Na mshahara hukaa yaliko maarifa. Mkinyamaza, mtakuwa mmeyafungia mlango wenyewe."

"Na njaa?"

"Njaa ipo. Sikudanganyi kwamba haipo."

Baba alitazama mlango wa chumba alimolala mdogo wake. Ndani, sauti dhaifu ikasikika. Kumbe Baba Mdogo alikuwa macho.

"Nenda, kaka," alisema. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kimenianza vidoleni."

Asubuhi yake baba, Tembo na Kimya walikwenda kwa meneja. Baba ndiye aliyesema. Meneja alipiga meza, akawaita wezi wa nafasi za watu, akawavua ovaroli pale pale, wakatoka ofisini na fulana. Tembo alilia waziwazi. Lakini kabla hawajatoka, Kimya, ambaye hakuna aliyemtegemea, aligeuka mlangoni.

"Tulidanganya," alisema. "Lakini tulikuwa na njaa. Mkifundisha tena watu wenye njaa, watadanganya tena."

Ilikuwa mara ya kwanza watu kumsikia akimaliza sentensi, na wapo wanaosema ndiyo iliyomfikia meneja. Pengine. Lililo hakika ni kwamba mashine zilizosimama zilimgharimu kuliko posho ya wachukuzi, na waendeshaji wa mji mkubwa walitaka mshahara mnono kuja kuishi kwenye vumbi. Mama Msumeno alikaa naye ofisini mpaka jioni, akabishana. Mwishowe mafunzo yakafunguliwa tena. Safari hii watu wanane tu kwa mara moja, kwa nusu ya ujira na chakula cha mchana, na kila mmoja akipimwa peke yake, mbele ya mashine, kwa mikono yake. Tembo na Kimya waliruhusiwa kuanza upya kwa kungoja zamu. Baba, kwa kuwa ndiye aliyepanga njama, aliambiwa angoje mwaka mzima. Alirudi kwenye magogo na shati lake la kiraka. Jioni alikuwa akirudi kimya, mabega yamevimba, na habari za sekondari hazikutajwa tena mbele yake.

Chiriku aliacha kwenda nyuma ya choo cha walimu. Rafiki zake walimnunia, wakasema anajifanya mtakatifu. Alama za msalaba zikajaa daftari lake la hesabu, nyekundu kila ukurasa, na kila moja aliirudia mpaka akaielewa. Hakuna aliyempongeza.

Mkono wa Baba Mdogo ulipona kwa kadiri ambavyo ungeweza kupona. Msumeno hakuruhusiwa kuugusa tena, na kubeba hakuweza. Mama Msumeno alimwambia iko kazi ya kupima na kupanga mbao kwa ubora, kazi ya macho na kalamu, lakini ina mafunzo yake na lazima mtu aandike. Baba Mdogo alikuwa akiandika kwa mkono wa kulia.

Jumamosi moja mchana alimwita Chiriku mezani. Mbele yake palikuwa na karatasi tupu, na penseli ilikuwa kwenye mkono wa kushoto, imeshikwa vibaya. Alijaribu kuandika herufi ya kwanza ya jina lake. Ikateleza, ikakatika. Akajaribu tena, karatasi ikachanika. Jasho lilimtoka. Chiriku hakuweza kuvumilia kuona.

"Lete, Baba Mdogo, nikuandikie mimi. Dakika moja tu."

"Hapana," Baba Mdogo alisema, na utani wote ulikuwa umeondoka usoni mwake. "Usiniandikie. Gogo unaweza kunibebea, mwanangu, na nitakushukuru, kwa sababu gogo likishafika limefika. Kujua hakubebwi na mwingine. Baba yako alijua lake, Tembo alijua lake, Kimya alijua lake, na mimi nilisimama mbele ya ule msumeno peke yangu. Kama unanipenda, nionyeshe jinsi ya kushika penseli hii, halafu niache nihangaike."

Chiriku akamwonyesha, polepole, vidole gani viwe juu na kipi kiwe chini. Baba Mdogo akainama tena juu ya karatasi. Herufi ilipinda, ikaanguka upande, na mkono ukatetemeka mno. Chiriku alitamani kuushika, alitamani sana, basi akaisukuma mikono yake chini ya mapaja, akaikalia, akangoja.